Gari la Preben

Huku kwetu magharibi mwa Jutland, mtu akiingia dukani akanunua gari la spoti jipya, kwa bei yake yote na ushuru wake wote, watu hudhani mawili: ama akili zimemruka, ama daktari amemwambia siku zake zinahesabika. Sidsel, binti muuza magari wa Holstebro, alimtazama Egon Kvistgaard kwa huruma, na bila shaka alikuwa anapima ni lipi kati ya hayo.

"Mzee wangu, hebu tukae kwanza," alisema. "Nikuletee kahawa?"

"Kahawa nimeshakunywa. Nataka lile pale."

Lile pale lilikuwa katikati ya ukumbi, viti viwili tu, fupi, limelala chini karibu na sakafu. Egon alikuwa fundi rangi. Ujana wake wote na utu uzima wake wote aliumalizia juu ya ngazi, akipaka nyumba za watu, na kila gari la namna ile lilipopita barabarani, brashi ilisimama hewani. Sasa karakana ameshaiuza, amestaafu, na mkewe Dagny ni marehemu. Hakuna wa kumwambia kwamba mgongo wake hautaweza kutoka mle ndani bila winchi.

Sidsel akamgeuzia kompyuta. "Hii hapa ni bei ya gari. Na huu hapa ni ushuru."

Egon akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Tarakimu zilikuwa zile zile.

"Kwa hiyo nanunua magari matatu," alisema.

"Matatu, ndiyo. Moja utaendesha wewe, mawili itaendesha serikali. Ndiyo maana watu hawanunui hivi, mzee. Watu wanakodi. Kwenye makaratasi gari linabaki la kampuni, wewe unalipia ushuru wa ile miezi unayoendesha tu, ukilichoka linavushwa Ujerumani. Spoti zote unazoziona barabarani ni za kukodi. Ni halali kabisa."

"Najua. Shemeji yangu analo la hivyo. Mimi nataka kulipa."

"Kulipa ushuru?"

"Wote."

"Wote?"

"Binti, humu ndani mna mwangwi?"

Sidsel akaangua kicheko, na toka hapo wakaelewana. Ila walipofika kwenye rangi aliduwaa tena. Egon alikuwa ameota gari jekundu tangu akiwa mwanagenzi wa kukoroga makopo, mwenyewe alikuwa amemwambia hivyo dakika chache tu nyuma. Sasa kidole chake kimepita nyekundu, kimepita njano, kimeenda kutua kwenye kijivu.

"Fundi rangi mzima! Kijivu?"

"Kijivu hakionekani."

"Hili litasikika kabla halijaonekana, mzee wangu."

Hapo alimgusa penyewe. Maana Egon hakuogopa bei, aliogopa kijiji. Huku kwetu unaweza kusamehewa ulevi, unaweza kusamehewa hata kuhamia mji mkuu, Copenhagen, lakini kujiona, hapana. Mtu akijenga baraza kubwa kuliko ya jirani, tunampongeza kwa kikohozi. Mtoto akishinda mashindano, mama yake anakimbilia kusema kwamba wengine walikuwa na mafua. Egon mwenyewe, kwa kinywa chake, alishawazuia wateja wasio na idadi wasipake mlango wa bluu, akawaambia nyeupe inatosha. Leo aje apite mbele ya milango ile ile akinguruma? Watamtafuna mbichi.

Lakini gari alilitaka, na zaidi ya hapo kulikuwa na ahadi. Mjukuu wake wa pekee, Signe, alikuwa anapata kipaimara mwezi wa tano. Na kwetu siku ya kipaimara mtoto haendi kanisani kwa gari la kila siku. Anapelekwa kwa kitu cha kutazamwa: gari la zamani la zimamoto, mkokoteni wa farasi, chochote. Ndiyo siku pekee ya kujishaua ambayo kijiji kinaruhusu, nayo ni ya mtoto. Egon alikuwa amemwahidi Signe kwamba atampeleka yeye, kwa mkono wake mwenyewe.

Gari lilifika mwishoni mwa mwezi wa nne. Alilichukua Holstebro asubuhi, na njia nzima aliimba, mzee wa watu, tena kwa sauti kubwa, maana hapakuwa na wa kumsikia ila ng'ombe. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani na kulifungia bandani, alisimama kwenye duka la ushirika kununua maziwa.

Alipotoka, Valdemar alikuwa analizunguka gari, mikono mfukoni. Valdemar ni mfuga nguruwe, jirani yake wa miaka mingi, na mdomo wake haujawahi kuzibwa na mtu.

"Loo! Dubwana la nani hili?"

Egon akafungua kinywa aseme "langu". Neno lilikuwa tayari, liko kwenye ncha ya ulimi kabisa. Kilichotoka ni kingine.

"La binamu yangu."

"Binamu gani?"

"Preben." Mungu anajua alilitoa wapi jina lile. "Wa Copenhagen."

"Aaa!" Valdemar akashusha pumzi, mambo yote yakawa yamemnyookea. "Nikasema! Wa Copenhagen. Daktari wa meno, bila shaka?"

"Ndiyo," alisema Egon. "Mgongo unamsumbua. Kaniomba nimwendeshee kidogo betri isife."

"Na kwa jinsi watu wa Copenhagen walivyo, hata maji ya kuoshea kioo hajalipia yeye. La kukodi hilo, au siyo?"

Egon akahamisha maziwa mkono wa pili. "Sijamwuliza."

Kufikia jioni Preben alikuwa anajulikana kijiji kizima. Siku zilivyopita alizidi kunawiri. Aslaug, mjane mwenye kuuza kwenye lile duka la ushirika, aliuliza kama ana mke, na Egon, kwa kubabaika, akasema ameachika. Mara mbili. Aslaug akasema si ajabu, mwanamume wa gari kama lile. Halafu, akipanga mayai ambayo yalikuwa yameshapangika, akauliza kama anapenda dansi.

"Kupita kiasi," alisema Egon.

Jamani, mtu huyu hakuwa mwongo. Lakini uongo ukishazaliwa unataka kunyonya, naye akawa anaulisha kila siku. Kibaya zaidi, watu walimteta Preben mbele yake, naye ikabidi amtete pia. Walimwita bwana maringo, wakamwita tumbo mbele. Egon akadakia kwamba tangu utotoni Preben alikuwa anajishebedua, hata soksi alivaa za hariri. Watu wakavunjika mbavu. Egon naye akacheka, huku moyoni anaona aibu ya kufa, maana mtu aliyekuwa akimchana ni yeye mwenyewe.

Wa kwanza kutocheka alikuwa binti yake. Ragnhild ni mwalimu wa hesabu, mama yake Signe, na anakaa mwisho wa barabara hiyo hiyo. Alikuja kwa babake akakaa mezani bila kuvua koti.

"Baba, bibi alikuwa na dada mmoja, na hakuzaa. Babu alizaliwa peke yake. Preben katokea wapi?"

"Upande wa mbali."

"Mbali wapi?"

Egon akainuka kuchemsha kahawa, ilhali birika lilikuwa limejaa mezani.

"Haya, sikuulizi," alisema Ragnhild. "Unanificha kitu, kama mlivyonificha ugonjwa wa mama mpaka nikamaliza mitihani yangu. Nimezoea. Tangu tumzike hujawahi hata kumtaja jina, na mimi nimenyamaza kwa sababu wewe umenyamaza. Lakini mwanangu hapandi gari la mtu asiye na sura. Huyo Preben aje Jumapili ya kipaimara anipe mkono, Signe atapanda. Asipokuja, mtoto anakwenda na trekta la Valdemar."

"Trekta? La nguruwe?"

"Ameshaliosha."

Akaondoka. Egon akabaki na mabirika mawili ya kahawa. Sasa mambo yalikuwa wazi kama mchana: aseme maneno mawili tu, "ni langu", au mjukuu wake apite mbele yake juu ya trekta na ahadi yake iende na maji. Akaanza kufanya mazoezi. Asubuhi akinyoa ndevu alijitazama kiooni akasema, "Ni langu." Ikasikika majigambo. Akajaribu kwa upole, ikasikika majigambo ya mtu mpole, ambayo ni mabaya zaidi.

Jumamosi majirani walikusanyika kwa Ragnhild kusimika bendera ndogo pande mbili za njia na kufunga matawi mabichi mlangoni. Baadaye pakawa na bia, mkate mweusi na samaki wa siki. Egon akaona hapa ndipo. Akasimama, akagonga chupa kwa kisu.

"Jamani, kuhusu lile gari..."

"Mwambie Preben asije na suti nyeupe!" Valdemar akadakia. "Trekta langu bado linadondoka maji!"

Wakacheka hadi machozi.

"Mwache mgeni wa watu," alisema Aslaug, mashavu yamemwiva. "Nimemwekea kiti pembeni yangu. Na wewe Valdemar nimekupeleka huko jikoni."

Kicheko kikawa cha pili. Egon akacheka nao. Akakaa. Akamaliza bia ambayo haikuwa yake. Ragnhild alikuwa anamtazama kutoka dirishani, na Egon alipoona anatazamwa akajifanya anakagua fundo la bendera.

Jumapili ilikucha na jua, kitu ambacho huku kwetu hakiahidiwi mtu. Egon alivaa suti yake ya mazishi, hakuwa na nyingine, akachomeka ua jeupe ili isifanane na mazishi, akaliendesha gari hadi kwa binti yake. Uwanja ulikuwa umejaa. Trekta la Valdemar lilikuwa linang'aa kuliko siku liliponunuliwa, limevishwa matawi na bendera. Signe alikuwa kibarazani na gauni jeupe, chini kavaa raba, na alipomwona babu yake uso ukamchanuka. Ndipo Egon akajua hawezi kurudi nyumbani na uongo ule.

Ragnhild akashuka ngazi. "Preben yuko wapi, baba?"

Aslaug akarekebisha mkufu.

Egon akatoka ndani ya gari. Hilo peke yake lilichukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa wote walikuwa wanatazama kiti cha pili, kitupu.

"Preben hayupo," alisema.

"Amechelewa?"

"Hayupo kabisa. Hajawahi kuwapo. Gari ni langu. Nimelinunua mimi."

Nguruwe wa Valdemar walisikika kutoka ng'ambo ya shamba. Hakuna hata aliyekohoa. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Aslaug.

"Hata kidogo hayupo?"

"Hata kidogo, Aslaug. Nisamehe."

"Nimenunua viatu vya dansi, Egon!"

Valdemar alikuwa amekunja uso, anafanya hesabu zake. "Ngoja, ngoja. Ni lako, maana yake umekodi."

"Nimenunua."

"Ujerumani. Lililotumika."

"Jipya. Holstebro."

"Na ushuru?"

"Nimelipa."

"Kiasi gani chake?"

"Chote, Valdemar. Hadi senti ya mwisho."

"We mwendawazimu!" Valdemar alisema, na alisema kwa mshangao wa kweli, wala si kwa dharau. "Kuna njia chungu nzima za kukwepa, zote za halali, hata mtoto anazijua! Kwa nini?"

Egon akajikuna shingo. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alijiandaa kwa kejeli tu.

"Dagny aliumwa miaka miwili," alisema. Jina hilo, kwa sauti yake, mbele za watu, lilimshangaza hata yeye. "Mnajua wote. Helikopta ilikuja kumchukua hapa shambani kwa Valdemar. Kule hospitalini Aarhus alikaa hadi akawajua wauguzi kwa majina ya watoto wao. Alipotaka kurudi nyumbani, wakaleta kitanda, kile cha kupanda na kushuka, wakakipitisha dirishani kwa sababu mlango ni mwembamba. Muuguzi anakuja kila siku, theluji, mvua, anakuja. Akafa. Tukazika. Mimi nikakaa nikingoja bili."

"Bili gani?" aliuliza Valdemar. "Hakunaga bili. Ushuru ndio unaolipa."

"Najua hakunaga! Mimi si mtoto, najua nchi yangu. Lakini nilingoja. Kila posta ikiletwa, nafungua. Walikuja siku moja kuchukua kitanda tu, na yule kijana akanishukuru kwa kukitunza vizuri. Mimi! Ananishukuru mimi! Nikataka kusema asante kwa mtu, nikataka nilipe kitu, nihisi kimetoka mfukoni. Sikujua niende dirisha gani." Akapiga paa la gari kwa kiganja, taratibu. "Sasa msije mkasema nimenunua kwa utakatifu. Hili gari nalipenda, nimelitamani maisha yangu yote, na wala sioni haya tena. Ila niliposaini pale pa ushuru mkono haukutetemeka. Ulitetemeka pale pa gari."

Valdemar akavua kofia, akaichungulia ndani, akaivaa tena.

"Basi kama ni hivyo," alisema mwishowe, "umelipia moja lako, mawili ya umma. Umma ni sisi. Jumatatu nakuja kuendesha sehemu yangu."

"Panga mstari," alisema Aslaug. "Mimi leo, keki ikiisha. Viatu ninavyo tayari."

Wakalipuka kwa kicheko, na safari hii Egon alicheka bila mwiba. Watu wakalisogelea gari, wakaligusa, wakalikalia, mmoja akasema kijivu hiki kibaya, fundi rangi gani huyu, na Egon akakubali kuwa ni kibaya kweli. Kwa kijiji chetu hiyo ni sawa na kupigiwa vigelegele.

Ragnhild peke yake alikuwa bado amesimama pale pale, mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa akiyafuta.

"Hukuniambia kwamba ulikuwa unangoja bili," alisema.

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa hutaki kuulizwa, baba."

"Kweli," alisema Egon. "Sikutaka. Nilikosea, mwanangu."

Signe alikuwa ameshashuka, gauni amelikamata kwa mikono miwili lisiburuzike. Akamtazama mama yake, akamtazama babu yake, halafu akavitazama vile viti viwili.

"Mama, panda wewe."

"Nini? Signe, leo ni siku yako!"

"Si ndiyo? Basi naamua mimi. Babu atanirudisha baada ya ibada, kwa kasi. Eti, babu?"

"Kwa kasi ya kisheria," alisema Egon.

"Valdemar, nisukume!" Na kabla mtu hajabisha alikuwa juu ya trekta, raba nyeupe zinaning'inia, anapungia watu mkono.

Ndivyo walivyoondoka. Trekta mbele, bendera zinapepea, na nyuma yake gari ambalo lingeweza kufika Holstebro kabla uji haujapoa, sasa linatambaa kwa mwendo wa ng'ombe. Injini ililalamika. Egon alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, Ragnhild yuko pembeni yake, magoti karibu na kidevu.

"Wale wauguzi wa Aarhus," alisema Ragnhild, "walikuwaje?"

"Kulikuwa na mmoja anaitwa Bodil. Alikuwa anaimba akibadilisha shuka. Hana sauti hata chembe."

"Na mama je?"

"Mama yako? Alimkosoa. Kalala pale, hawezi hata kuinua kikombe, anamwambia, dada, hapo umepanda juu mno. Mwishowe wakawa wanaimba wote wawili, wagonjwa wa chumba cha pili wanagonga ukuta."

Ragnhild akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa gauni lake la kanisani. "Hilo sikulijua."

"Yako mengi."

"Niambie."

Akamwambia. Alimwambia habari ya kofia ya sufu aliyoifuma Dagny akaifumua mara nyingi, na jinsi alivyomchagulia daktari mkuu mchumba. Alimwambia pia yale ya siku za mwisho, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Walipotokeza kwenye ile sehemu ndefu iliyonyooka kabla ya kanisa, barabara ikawa pana, nyeupe kwa jua, hakuna gari hata moja mbele. Valdemar akasogeza trekta pembeni, akatoa mkono, akawaashiria: piteni! Signe akageuka anapiga kelele, pita, babu, pita!

Egon akabadilisha gia. Mguu ulikuwa tayari juu ya mafuta, na gari likaanza kunguruma vile alivyokuwa amelingoja lingurume tangu ujana wake.

Ragnhild akaweka mkono wake juu ya mkono wa babake, pale kwenye gia.

"Usimpite, baba," alisema. "Endelea kuniambia."

Egon akainua mguu, na Valdemar akabaki mbele yao mpaka kanisani.